Timazi na Sindano: Historia ya Kupima Mvutano na Sumaku ya Dunia katika Afrika ya Mashariki

Vyombo viwili vya kale vimetumika katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi bila ya watumiaji wake kuvihesabu kuwa vyombo vya elimu. Cha kwanza ni timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, ambao mwashi huutundika kando ya ukuta ili aone kama ukuta umesimama wima. Cha pili ni dira, ambayo nahodha huitazama ili ajue chombo chake kinaelekea wapi. Mwashi huiamini timazi, na nahodha huiamini dira. Walakini vyombo hivi, vikichunguzwa kwa makini, vyote viwili vina upotovu ndani yake. Timazi iliyotundikwa karibu na mlima huvutwa kidogo kuelekea mlimani, na sindano ya dira aghalabu haielekei kaskazini ya kweli. Upotovu wa timazi ni mdogo hata mwashi hana haja ya kuujua. Ule wa sindano nahodha hujifunza kuukadiria na kuutoa katika hesabu yake. Historia isimuliwayo hapa ni ya watu waliokataa kuutupa upotovu huo, wakauona kuwa ni habari itokayo chini ya ardhi, mahali pasipofikiwa na jicho wala jembe.

Neno dira lenyewe lina historia. Asili yake ni ya Kiarabu, na katika maandishi ya mabaharia wa Bahari ya Hindi wa karne ya 15, akiwemo Ahmad ibn Majid aliyetunga shairi la njia ya kwendea Sofala, neno hilo lilikuwa na maana ya njia au mwelekeo ufuatwao na chombo. Katika Kiswahili maana imehama kutoka njia hadi chombo kionyeshacho njia. Uhamaji wa namna hii ni wa kawaida katika lugha zote, lakini yafaa ukumbukwe tangu mwanzo, kwa kuwa maneno mengine ya elimu hii nayo yamehama, na mengine yangali yanahama.

Elimu ya timazi

Katika mwaka wa 1672 Jean Richer, mtaalamu wa nyota wa Kifaransa, alikuwa Cayenne, mji wa pwani ya Amerika ya Kusini ulio karibu na ikweta. Saa yake ya pendulamu, yaani saa iongozwayo na uzito ubembeao, ilikuwa imerekebishwa vema mjini Paris, lakini huko Cayenne ilichelewa kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ilimpasa kuifupisha pendulamu ili saa iende sawa. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka wa 1687, alilitumia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba dunia si tufe kamili: imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba kwenye ikweta, na kwa sababu ya umbo hilo pamoja na mzunguko wake, vitu vina uzito mdogo zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha. Hivyo saa iliyochelewa ilikuwa imeipima dunia.

Wafaransa wengine walifika Peru katika miaka ya 1730 ili kupima umbo la dunia, na mmoja wao, Pierre Bouguer, alijaribu mwaka wa 1738 kuona kama mlima Chimborazo unaivuta timazi. Aliona kwamba unaivuta, ila kwa kiasi kidogo kuliko alivyotazamia. Jaribio hilo lilirudiwa mwaka wa 1774 na Nevil Maskelyne katika mlima Schiehallion wa Uskochi, na hesabu iliyofuata ilitoa uzito wa dunia nzima kuwa mara nne na nusu hivi ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Hesabu ya siku hizi ni mara tano na nusu. Kwa watu waliokuwa na kilima kimoja na uzi mmoja, hawakuwa mbali na ukweli.

Fumbo kubwa zaidi lilitokea Bara Hindi. Wapima ardhi waliona kwamba milima ya Himalaya inaivuta timazi kwa kiasi cha theluthi moja tu ya kile ambacho hesabu ilidai. Katika miaka ya 1850 wataalamu wawili wa Kiingereza, J. H. Pratt na G. B. Airy, walitoa majibu mawili. Pratt alisema kwamba mwamba ulio chini ya milima ni mwepesi kuliko ule ulio chini ya nchi tambarare. Airy alisema kwamba milima ina mizizi: gamba la dunia linaelea juu ya tabaka zito lililo chini yake, na mahali palipoinuka juu ndipo palipozama sana chini. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, maana ajua kwamba jahazi lenye shehena kubwa ndilo lenye sehemu kubwa chini ya maji.

Tangu hapo kazi ya kupima mvutano ikawa na kipimo chake. Kiasi kiitwacho gali, kwa heshima ya Galileo, hugawanywa katika sehemu elfu, na kila sehemu huitwa miligali. Mvutano wa dunia ni gali 980 hivi, yaani miligali 980,000. Na habari ambazo mtafiti huzitafuta zimo katika makumi machache, au pengine sehemu za miligali moja. Akipanda mita moja tu kutoka usawa wa bahari, mvutano hupungua kwa miligali 0.3 hivi. Kwa hiyo asiyejua urefu wa mahali aliposimama hawezi kuujua mvutano wake kwa faida yoyote. Na upimaji wa mvutano na upimaji wa ardhi vimekuwa ndugu tangu mwanzo.

Elimu ya sindano

Habari za sindano zinaigusa pwani ya Afrika ya Mashariki mapema zaidi. Mwaka wa 1538 João de Castro, nahodha Mreno aliyekuwa safarini kutoka Lisbon kwenda Goa, alipima mara kwa mara tofauti baina ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli. Alipokuwa katika kisiwa cha Msumbiji, mwezi wa Agosti, alitambua kwamba sindano inaweza kupotoshwa na chuma kilicho karibu nayo melini. Baadaye mwaka huo huo, katika pwani ya Bara Hindi, aliona sindano ikipotoka tena mahali fulani, na upotovu huo umekuja kuelezwa kuwa ulisababishwa na miamba ya mahali hapo. Mambo haya mawili, chuma cha chombo na mwamba wa ardhi, ndiyo yanayowashughulisha wapimaji wa sumaku hata leo: la kwanza huliondoa, la pili hulitafuta.

Edmond Halley alisafiri katika Bahari ya Atlantiki kati ya mwaka wa 1698 na 1700, na mwaka wa 1701 akachapisha ramani yenye mistari inayounganisha mahali palipo na upotovu ulio sawa. Lakini nguvu yenyewe ya sumaku haikuweza kupimwa kwa kipimo kinacholingana kila mahali mpaka Carl Friedrich Gauss, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, alipovumbua njia yake katika mwaka wa 1832. Yeye na mwenziwe Wilhelm Weber walianzisha chama kilichounganisha vituo vya nchi mbalimbali, vikapima sumaku kwa saa zilizopatanwa. Jina la Göttingen litarudi tena hapa chini, safari hii katika bara la Tanganyika.

Msafara wa pendulamu, 1899 na 1900

Chama cha elimu cha Göttingen ndicho kilichoutuma katika koloni la Wajerumani la Afrika ya Mashariki msafara ulioitwa Msafara wa Pendulamu. Wakuu wake walikuwa Ernst Kohlschütter, mtaalamu wa vipimo, na Hans Glauning, afisa wa jeshi. Watu hawa wawili walikuwa wameshiriki mwaka wa 1898 katika tume iliyoweka mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1899 na 1900 walizunguka bara wakipima mvutano kwa pendulamu, na pamoja nao walipima sumaku, urefu wa nchi na mahali pa nyota. Matokeo yalichapishwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, na mwaka wa 1911 Kohlschütter aliandika juu ya umbile la gamba la dunia chini ya koloni hilo.

Ugumu wa kazi hiyo waweza kufahamika kwa hesabu moja. Mvutano ukibadilika kwa miligali moja, saa ya pendulamu hubadilika kwa sekunde 0.04 tu katika siku nzima. Kwa hiyo mpimaji alihitaji kujua wakati kwa usahihi uliopita ule wa maisha ya kawaida, na alihitaji kuujua katikati ya pori, kwa kutazama nyota na kubeba saa zisizopenda kutikiswa. Reli ya kwenda bara ilikuwa bado haijafika mbali na pwani. Vyombo vya namna hiyo vilikwenda bara kama zilivyokwenda pembe, shanga na nguo: juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Pendulamu ikianguka mara moja, vipimo vyote vilivyotangulia hupoteza thamani, kwa sababu urefu wake umebadilika. Usahihi wa hesabu zilizosomwa Göttingen ulitegemea, kwa hiyo, mwendo wa miguu ya watu ambao majina yao hayamo katika anwani ya kitabu. Hilo si lawama ya kubuni. Ni sehemu ya maelezo ya jinsi hesabu hizo zilivyopatikana, na mwanahistoria akiiacha huwa ameacha nusu ya chombo.

Hapana budi kusema pia kwamba upimaji huu haukuwa elimu tupu. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa katika koloni hilo mwaka wa 1898, na mpaka wa kusini-magharibi ulikuwa umetoka kuwekwa. Serikali ijuayo mahali pa kila kilima huijua nchi kwa namna ambayo wenyeji hawakuombwa rai. Walakini hesabu za mvutano zina tabia ya kumkimbia mwenye kuziagiza: hazikumsaidia mtoza kodi lolote, bali zilianzisha mjadala uliodumu miaka sitini juu ya Bonde la Ufa.

Ufa au mbano?

J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba aliyefika katika nchi iitwayo leo Kenya mwaka wa 1893, aliliona bonde hilo kuwa kipande cha nchi kilichozama baina ya nyufa mbili sambamba baada ya gamba la dunia kuvutwa huku na huku. Jina la Kiswahili, Bonde la Ufa, linafuata rai hiyo. Lakini wengine hawakukubali. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya miamba ya Uganda, alisema kwamba kuta za bonde zimesukumwa zikapanda juu ya sakafu yake, hata sakafu ikakandamizwa chini. Kwa rai hii bonde halikupasuka, lilibanwa.

Aliyetazamiwa kuamua alikuwa Edward Bullard, kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuja Afrika ya Mashariki katika msimu wa 1933 na 1934. Yeye naye alitumia pendulamu, lakini wakati huo alama za saa zilikuwa zikitangazwa kwa redio, na pendulamu za nyikani ziliweza kulinganishwa na zile zilizobaki nyumbani. Alipima katika nyanda za juu na katika mabonde, akaviunganisha vipimo vyake na vya Kohlschütter, na mwaka wa 1936 akachapisha matokeo.

Matokeo yalikuwa mawili. Kwanza, nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, zikichukuliwa kwa ujumla, zinaelea kama Airy na Pratt walivyoeleza: zimeinuka kwa kuwa chini yake kuna wepesi. Pili, juu ya mabonde yenyewe mvutano ni mdogo kuliko utazamiwavyo. Hapo Bullard alijenga hoja. Kama sakafu ya bonde ni nyepesi kuliko inavyopasa, basi ilipaswa kuelea na kupanda juu, nayo haipandi, kwa hiyo kuna nguvu inayoizuia chini, na nguvu hiyo si nyingine ila kuta za pande mbili zinazoikandamiza. Akaamua upande wa mbano.

Hoja ilikuwa safi, na vipimo vilikuwa vya kweli, lakini uamuzi haukudumu. Mwaka wa 1950 F. A. Vening Meinesz, Mholanzi aliyekuwa maarufu kwa kupima mvutano ndani ya nyambizi, aliandika makala juu ya mabonde ya Afrika akiuliza kama yametokana na kubanwa au kuvutwa, akaonyesha kwamba kabari ya gamba la dunia inayozama baina ya nyufa mbili, wakati gamba linapovutwa, yaweza kutoa upungufu ule ule wa mvutano. Baadaye ilidhihirika kwamba sehemu ya upungufu hutokana na mchanga, matope na majivu ya volkano yaliyojaza mabonde kwa unene mkubwa, na kwamba upungufu mpana, ambao katika nyanda za juu za Kenya hufika karibu miligali 200, unahusiana na mwamba wenye joto na wepesi ulio chini kabisa ya gamba. Katikati ya upungufu huo pana ongezeko jembamba la mvutano kwenye mhimili wa bonde, ambalo wataalamu wengi wamelieleza kuwa ni mwamba mzito uliopanda kutoka chini na kuingia katika gamba lililopasuka. Majaribio ya mitetemo yaliyofanywa Kenya mwaka wa 1985 na 1990 yalionyesha kwamba gamba lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya Naivasha, na kilomita 20 hivi chini ya Turkana. Gamba lililobanwa huongezeka unene, hili limepungua. Siku hizi vipimo vya satelaiti vinaonyesha pande mbili za bonde zikiachana kwa milimita chache kila mwaka.

Funzo la kisa hiki si kwamba Bullard hakuwa mtaalamu mzuri. Funzo ni kwamba chombo cha kupima mvutano hutoa namba, hakitoi jibu. Namba moja yaweza kutokana na kitu chepesi kidogo kilicho karibu, au na kitu kipana kilicho mbali chini, na hesabu peke yake haiwezi kuchagua baina yao. Ushahidi wa namna nyingine hauna budi kuletwa.

Maneno matatu

Wataalamu wa lugha wana sehemu yao katika kisa hiki, kwa sababu Kiswahili kinapokisimulia hukutana na maneno matatu yanayodai uangalifu.

La kwanza ni mvutano. Kwa umbo lake neno hili ni zuri sana. Kiambishi cha kutendana kilicho ndani yake chasema jambo lile lile alilolisema Newton, kwamba jiwe laivuta dunia kama dunia ivutavyo jiwe. Neno mvuto, ambalo limetumiwa na baadhi ya waandishi, halibebi maana hiyo ya pande mbili. Lakini mvutano hutumika pia kwa watu wawili wavutao kamba, na kwa hiyo kwa gamba la dunia livutwalo huku na huku. Basi mwandishi akisema, “Bonde la Ufa limetokana na mvutano,” msomaji hawezi kujua kama amesema habari za uzito au habari za kupasuka. Na katika mjadala huu hizo ni habari mbili ambazo moja ilitumiwa kuikanusha nyingine. Dawa si kulitupa neno, bali ni kulipa kazi moja. Mvutano ubaki kuwa wa uzito. Gamba livutwalo lisemwe kuwa limetanuliwa, na likandamizwalo lisemwe kuwa limebanwa.

La pili ni hitilafu. Mpimaji huhesabu mvutano au sumaku inayotazamiwa mahali fulani, huitoa katika kile alichokipima, na tofauti inayobaki huitwa hitilafu. Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili lina maana ya tofauti tu. Katika Kiswahili cha kila siku, hata hivyo, limeelekea kwenye maana ya ubovu: mashine iliyoharibika husemwa kuwa ina hitilafu. Mwanafunzi asikiaye kwamba pana hitilafu kubwa ya sumaku katika nchi ya Geita aweza kudhani kwamba chombo kimeharibika, kumbe chombo ni kizima na mwamba wenye chuma upo. Katika elimu hii maana ya zamani ndiyo iliyo sahihi, na yafaa mwalimu aihuishe.

La tatu ni ufa. Ilitokea kwamba jina lilipatana na ukweli. Lakini jina si ushahidi. Lilipatikana kwa kufuata rai ya Gregory, na kama rai ya Wayland ingalitangulia, bonde hilo pengine lingaliitwa kwa jina jingine, na vizazi vya wanafunzi vingalikuta kosa likiwa limekwisha kukaa katika ramani. Lugha huhifadhi rai za wakati fulani kwa muda mrefu kuliko rai zenyewe ziishivyo.

Owen na Oldupai

Wakati mjadala wa bonde ulipokuwa ungali unaendelea, sumaku ilileta ushahidi kutoka baharini. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani walikuwa wamekamilisha chombo cha kupima sumaku kwa ndege ili kuzitafuta nyambizi, na mwaka wa 1944 chombo cha namna hiyo kilitumiwa huko Marekani kwa kupima miamba. Mwaka wa 1954 ikajulikana njia nyingine: chupa ya maji au mafuta huwekwa ndani ya mzingo wa waya, na viini vya haidrojeni vilivyomo huyumbayumba kwa mwendo unaolingana na nguvu ya sumaku ya mahali hapo. Magnetomita ya namna hii haihitaji kusimamishwa wima wala kuelekezwa, na kwa hiyo yaweza kukokotwa nyuma ya meli.

Mwishoni mwa mwaka wa 1962 meli ya upimaji ya Kiingereza iitwayo Owen iliikokota magnetomita juu ya Mgongo wa Carlsberg, safu ya milima iliyo chini ya Bahari ya Hindi kaskazini-magharibi. Jina la meli hiyo si geni Mombasa. Ni la William Fitzwilliam Owen, nahodha aliyepima pwani ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1820, na ambaye mwaka wa 1824, kwa maombi ya Wamazrui, aliiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Kiingereza kwa muda mfupi ulioisha mwaka wa 1826.

Vipimo vya meli ya Owen vilifika Cambridge, katika idara iliyoongozwa na Bullard yule yule wa pendulamu. Huko Frederick Vine na Drummond Matthews walieleza, katika mwezi wa Septemba mwaka wa 1963, kwamba sakafu ya bahari ina milia ya sumaku, mmoja ukielekea kaskazini ya leo na mwingine ukiielekea kinyume chake, kwa sababu mwamba mpya huzaliwa katikati ya mgongo, hupoa, na hutunza mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi. Milia ni daftari la mageuzi hayo. Na daftari hilo ladai kwamba sakafu ya bahari inatanuka. Lawrence Morley wa Kanada aliifikia rai hiyo peke yake, lakini makala yake ilikataliwa na wachapishaji. Mwaka wa 1965 Bullard na wenzake wawili walichapisha ramani iliyoonyesha jinsi mabara ya pande mbili za Atlantiki yanavyolingana kama vipande vya chungu kimoja. Mtu aliyesema mwaka wa 1936 kwamba bonde la Afrika limebanwa akawa miongoni mwa walioonyesha kwamba mabara hupasuka.

Daftari la sumaku lilihitaji tarehe, na moja ya tarehe zake ilitoka Tanganyika. Mwaka wa 1963 C. S. Grommé na R. L. Hay walitangaza kwamba lava iliyo chini katika bonde la Olduvai ina mwelekeo wa sumaku kama wa leo, ingawa ilimwagika katika zama ambazo sumaku ya dunia kwa kawaida ilikuwa imegeuka. Umri wa mahali hapo ulikuwa umekwisha kupimwa, kwa sababu ya fuvu lililopatikana mwaka wa 1959 na kuitwa Zinjanthropus, jina lililotolewa katika lile la kale la pwani, Zinj. Muda huo mfupi, ambao sasa huwekwa kati ya miaka milioni 1.95 na milioni 1.77 iliyopita, huitwa Olduvai katika vitabu vya dunia nzima. Neno lenyewe ni la Kimaasai, oldupai, mmea wa jamii ya katani uotao huko. Wageni walilisikia vibaya. Tanzania imekwisha kurudisha tahajia ya Oldupai, lakini kwenye kalenda ya sumaku kosa la sikio limebaki.

Vyombo vya siku hizi

Pendulamu zimepumzishwa. Mahali pake palichukuliwa na gravimita, chombo chenye uzito mdogo ulioshikwa na kamani laini, ambacho Lucien LaCoste alikiwekea msingi katika miaka ya 1930; mtu mmoja aweza kukibeba na kupima vituo vingi kwa siku. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya Tanzania ilipimwa sumaku kwa ndege, na ramani zilizotokana na kazi hiyo zimetumiwa na watafutaji wa dhahabu na almasi. Katika nchi ya Turkana na pembezoni mwa Ziwa Albert mvutano umesaidia kuonyesha mahali palipo na tabaka nene za mchanga na matope, ambamo mafuta yaweza kukaa: upungufu ule ule uliomsumbua Bullard sasa una bei sokoni.

Vyombo vingine vimepanda angani. Satelaiti mbili za GRACE, zilizorushwa mwaka wa 2002 na kufanya kazi hadi mwaka wa 2017, zilifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, na kwa kupima mabadiliko madogo ya umbali huo ziliweza kujua mahali ambapo mvutano umeongezeka au kupungua. Ziliona uzito wa maji ya Ziwa Viktoria ukipungua katika miaka iliyoishia mwaka wa 2006, wakati ziwa liliposhuka sana, sehemu kwa sababu ya ukame na sehemu kwa sababu ya maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja. Hapo mvutano haukuwa tena jambo la mizizi ya milima. Ulikuwa habari ya mvuvi wa Musoma aliyekuta mashua yake imekaa juu ya tope, na ya nchi tatu zilizohitaji kujua maji yamekwenda wapi.

Kwa sababu hiyo suala la maneno si pambo. Watu wa Afrika ya Mashariki wamebeba vyombo hivi vichwani, wamepimiwa ardhi yao, na jina la bonde lao limewekwa katika kalenda ya dunia. Lakini maelezo ya namba hizo yameandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Sheria za madini na mikataba ya maji hujadiliwa na wabunge na wanavijiji ambao wengi wao hufikiri kwa Kiswahili. Mwanakijiji akiambiwa kwamba pana hitilafu chini ya shamba lake, anastahili kujua kama ameambiwa habari za ubovu au habari za mali. Na akiambiwa kwamba mashine imekwisha kusema, anastahili kujua kwamba mashine haisemi. Hutoa namba, na namba husomwa na watu, nao watu waliosoma vizuri kabisa waliwahi kuisoma kinyume. Istilahi zilizo wazi hazitazuia kosa la namna hiyo, lakini zitawawezesha wengi zaidi kuliona.